Barafu Darasani: Maswali ya Walimu Kuhusu Sayansi ya Ncha za Dunia

Maswali haya yametoka kwa walimu wa msingi na sekondari, na kwa mzazi mmoja. Tumeyafupisha bila kubadili maana. Kwa anayeanza sasa, neno moja tu: usijitwishe Aktiki na Antaktika zote kama mada ya muhula mzima. Chukua swali moja linalopimika, wape wanafunzi rula, kipimajoto au jedwali la takwimu, halafu waache wabishane juu ya walichokipata.

Niliweka barafu kwenye glasi ya maji. Ikayeyuka yote, maji hayakupanda hata kidogo. Mwanafunzi akauliza, "Sasa bahari inapandaje?" Nikakwama. (Mwalimu wa sayansi, darasa la sita)

Jaribio lako halikuharibika, mwalimu, ila limeishia njiani. Barafu inayoelea imeshasukuma maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo ikiyeyuka inajaza nafasi ileile iliyokuwa imeishika. Hiyo ni barafu ya bahari, ile inayotanda juu ya Bahari ya Aktiki. Inayopandisha bahari ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu: ya Greenland, ambayo ikiisha yote itaongeza kama mita 7, na ya Antaktika, kama mita 58. Kwa hiyo darasa lione zote mbili kwa wakati mmoja.

Tafuta vyombo viwili vinavyofanana, vya kuonyesha ndani, vyenye kuta zilizonyooka, upana kama sentimita 12 kwa 12. Weka jiwe katika kila kimoja. Mawe yawe na ukubwa unaokaribiana na vilele vyake vitokeze juu ya maji. Pima gramu 200 za barafu mara mbili. Katika chombo cha kwanza irundike juu ya jiwe, katika cha pili itie majini pembeni mwa jiwe ielee. Ukishaweka barafu, ndipo uchore mstari wa usawa wa maji kwenye vyombo vyote viwili. Barafu ikiisha, chombo cha kwanza kitakuwa kimepanda kama sentimita moja na nusu, na cha pili kitabaki palepale.

Sasa mitego. Wa kwanza ni upana wa chombo. Ukitumia beseni la sentimita 30 kwa 40, gramu hizo 200 zitapandisha maji kwa chini ya milimita 2, na hakuna mtoto atakayeziona. Wa pili, barafu ya chombo cha pili ikigusa chini au ikibanwa kati ya jiwe na ukuta, haielei tena. Sehemu ya uzito wake inabebwa na chombo, na ikiyeyuka maji yatapanda. Usilifiche hilo likitokea, maana ndiyo hali ya mto wa barafu wa Thwaites huko Antaktika Magharibi: umekalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, lakini ni mnene mno kiasi kwamba hauelei. Wa tatu ni muda. Barafu iliyo juu ya jiwe, ikipata joto la hewa tu, haitaisha ndani ya kipindi kimoja. Ivunje vipande vidogo, au uandae asubuhi msome matokeo kipindi cha mwisho. Na mstari uchorwe kwenye utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu umande utakaojitokeza nje ya chombo hufuta wino.

Kwa sekondari kuna nyongeza nzuri. Barafu ya maji baridi ikielea kwenye maji ya bahari hupandisha maji kidogo sana: kila gramu 100 zinasukuma mililita 97.6 za maji yenye densiti ya gramu 1.025 kwa mililita, na zikiyeyuka zinakuwa mililita 100. Wakokotoe wenyewe, kisha uwaulize kama rula ya darasani ingeweza kuionyesha tofauti hiyo.

Shule yetu haina friji na barafu hatuipati. Kuna la kufanya zaidi ya kuangalia picha? (Mwalimu wa jiografia)

Lipo, na kwa maoni yetu ni zito kuliko lile la barafu glasini: kwa nini Aktiki imekuwa ikipata joto mara tatu hadi nne ya kasi ya wastani wa dunia tangu 1979. Kifaa kikuu ni jua.

Makopo mawili ya bati yanayolingana, moja lipakwe rangi nyeupe na jingine nyeusi isiyong'aa. Kila moja litiwe mililita 200 za maji kutoka ndoo moja, lifunikwe kwa katoni yenye tundu la kipimajoto, na yote mawili yawekwe juani juu ya ubao. Someni joto kila baada ya dakika 5 kwa dakika 40. Kopo jeusi litatangulia kwa nyuzi kadhaa.

Kabla ya kuanza, tumbukizeni vipimajoto vyote katika kikombe kimoja cha maji kwa dakika 5. Vipimajoto vya shule mara nyingi hupishana kwa nyuzi moja au mbili, na msipoiandika tofauti hiyo mapema mtaishia kulipima kosa la kiwandani. Balbu isiguse ukuta wa kopo. Ubao nao si pambo: sakafu ya saruji iliyopigwa na jua hupasha makopo yote mawili kutoka chini, na tofauti mnayoitafuta inafifia. Wingu likipita, liandikeni saa yake na mwendelee.

Halafu zije takwimu zenyewe. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua, barafu ya bahari isiyo na theluji 50 hadi 70, na bahari iliyo wazi kama asilimia 6 tu. Barafu ikipungua, bahari nyeusi inameza joto zaidi. Joto hilo linayeyusha barafu nyingine. Uwiano wa mwanga unaorudishwa unaitwa albedo. Usiwaambie wanafunzi kwamba mzunguko huu ndio sababu pekee ya Aktiki kupata joto haraka, kwani sivyo, lakini ndiyo wanayoweza kuigusa kwa mikono yao.

Kama kuna simu yenye programu ya kupima mwanga, wanafunzi wakubwa wanaweza kukadiria albedo wenyewe. Elekezeni kihisi juu, msome. Kigeuzeni kitazame karatasi kubwa kutoka sentimita 20 hivi, msome tena. Gaweni cha pili kwa cha kwanza. Kivuli cha mkono na cha simu yenyewe ndicho kinachoharibu kipimo hiki, hivyo rudieni mara tano mchukue wastani. Jaribuni karatasi nyeupe, udongo mkavu, udongo uliolowa na majani.

Darasa zima lilitabiri barafu itayeyuka upesi kwenye maji ya chumvi. Ikawa kinyume kabisa. Tumekosea wapi? (Mwalimu wa kemia)

Hamjakosea. Wanafunzi wanajua chumvi hushusha kiwango cha kuganda, na wanajua humwagwa barabarani kuyeyusha barafu katika nchi zenye theluji. Lakini hapa barafu inayeyushwa na joto linaloletwa na maji, na swali ni jinsi maji hayo yanavyozunguka.

Rudieni kwa barafu iliyotiwa rangi ya chakula mtaiona sababu. Katika maji yasiyo na chumvi, maji ya baridi yanayotoka kwenye barafu ni mazito kuliko ya chini yake. Yanazama kama nyuzi za rangi, na maji ya vuguvugu yanapanda kushika nafasi yake. Katika maji ya chumvi, yale yaliyoyeyuka ni mepesi, hivyo yanabaki juu kama tabaka la rangi na kuizingira barafu kwa baridi. Rangi ikitapakaa kote katika chombo cha chumvi, basi mtu amekoroga au amegonga meza. Wekeni gramu 35 za chumvi kwa lita, kiasi cha bahari ya kawaida, na maji yote mawili yakae chumbani hadi yafikie joto moja. Kuyachanganya dakika za mwisho kwa maji ya bomba yenye baridi tofauti kunavuruga kila kitu.

Mkiwa na friji yenye sehemu ya kugandishia, geuzeni swali: chumvi inakwenda wapi bahari inapoganda? Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, na fuwele za barafu hazina nafasi ya chumvi. Inasukumwa nje. Barafu ya bahari iliyoganda mwaka huohuo hubaki na gramu 5 hivi kwa kilo, dhidi ya 35 za bahari yenyewe. Maji mazito ya chumvi yaliyosukumwa huzama, na kando ya Antaktika ndiyo chanzo kimojawapo cha maji ya baridi yanayotambaa kwenye sakafu ya bahari kuu za dunia.

Funga pande na chini ya bakuli kwa tabaka nene za kitambaa ili maji yagande kuanzia juu, kama baharini. Lifungue wakati maji yameganda nusu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaliacha usiku kucha, bakuli zima linakuwa jiwe, na maji ya chumvi yananaswa ndani. Toa gamba la juu, lisuuze kwa maji ya baridi kwa sekunde mbili tatu, liyeyushe. Chukua mililita 50 zake na mililita 50 za maji yaliyobaki, zikaushe katika visahani viwili vilivyopimwa uzito, kisha upime mabaki. Msionje, kuonja sampuli ni tabia mbaya maabara yoyote ile.

Nguzo za barafu zinazochimbwa Antaktika: nawezaje kuzifanyia mfano usiwe mchezo wa rangi tu? (Mwalimu wa sekondari)

Mfano uwe na kitu cha kusoma ndani yake, kama nguzo halisi ambayo matabaka yake hutunza historia ya theluji na hewa, na anayekisoma asiwe yule aliyekitengeneza. Kundi A linatengeneza nguzo na kuandika historia yake kwa siri. Kundi B linaisoma.

Tumia bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa 30, lililozibwa chini. Mimina tabaka la sentimita 2 au 3, ligande kabisa, ndipo umimine linalofuata. Maji ya kumimina yawe yamepoa karibu na sifuri, la sivyo yatayeyusha sehemu ya juu ya tabaka lililotangulia na mpaka utapotea. Tabaka moja litiwe vumbi laini, jingine majivu, jingine siki kidogo kuwakilisha mlipuko wa volkano, kwa kuwa volkano kubwa huacha tindikali kwenye barafu halisi. Acha sentimita 3 tupu juu: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na bomba lililojazwa pomoni hupasuka. Kuitoa nguzo, lipitishe bomba kwenye maji ya vuguvugu sekunde 10.

Kundi B lipime unene wa kila tabaka, likate vipande, livyeyushe kila kimoja peke yake na kukipima kwa karatasi ya litmasi. Lichore mchoro wa kina dhidi ya kilichopatikana, kisha liandike kisa. Ndipo siri ya kundi A ifunguliwe.

Jambo moja lisemwe waziwazi: viputo vya barafu ya friji si hewa ya kale. Ni gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji ikatolewa yalipoganda. Nguzo halisi hutokana na theluji inayolundikana na kubanwa bila kuyeyuka, na hewa iliyo kati ya chembe hufungiwa kwenye kina cha kama mita 50 hadi 100. Kwa sababu hiyo hewa ndani ya kiputo ni changa kuliko barafu inayoizunguka. Swali hili humfikirisha hata mwanafunzi wa kidato cha mwisho. Mpe muda alitafune kabla hujamjibu.

Takwimu za kuweka ubaoni: nguzo ya EPICA, mradi wa nchi za Ulaya, kutoka Dome C huko Antaktika ilifika kina cha takriban mita 3,270 na kurudi nyuma miaka 800,000. Katika muda wote huo hewa ya ukaa ilicheza kati ya sehemu 170 na 300 kwa milioni. Sasa imepita 420. Mwezi Januari 2025 wachimbaji wa mradi uliofuata, Beyond EPICA, walitangaza wamefika mita 2,800 mahali paitwapo Little Dome C, kwenye barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2.

Ninafundisha hisabati. Napata wapi takwimu halisi, na nianze na nini?

NSIDC, kituo cha takwimu za theluji na barafu kilichoko Boulder, Colorado, Marekani, hutoa bure majedwali ya eneo la barafu ya bahari, kwa kila mwezi, tangu Novemba 1978. Faili ni jepesi na hufunguka kwenye programu yoyote ya lahajedwali. Anza na Septemba za Aktiki pekee, mwezi ambao barafu huwa chache zaidi: mwaka 1979 ni kama kilomita za mraba milioni 7, mwaka 2012 ni kama milioni 3.6.

Ukifungua faili la Desemba au la Januari, utakuta thamani -9999 kwenye Desemba 1987 na Januari 1988. Ni alama ya takwimu kukosekana, kwa kuwa setilaiti ya wakati huo ilipata hitilafu. Mwanafunzi asiyesoma jedwali lake atapata mchoro unaotumbukia shimoni. Muache atumbukie kwanza, kisha umuulize kama bahari inaweza kuwa na barafu hasi.

Kosa la pili ni kulinganisha miezi tofauti, Machi ya mwaka huu na Septemba ya mwaka jana. Siku hizi barafu ya Aktiki hufika milioni 14 au 15 mwezi Machi na kushuka hadi milioni 4 au 5 Septemba, na kupanda na kushuka huko kungekuwapo kila mwaka hata kusingekuwa na mabadiliko yoyote ya tabianchi. La tatu ndilo linalotufurahisha kulifundisha. Gawa darasa pande mbili. Upande mmoja uchore 1979 hadi 2012, mwingine 2012 hadi 2024, na kila mmoja uvute mstari kati ya nukta ya kwanza na ya mwisho. Wa kwanza utatangaza maporomoko, wa pili utatangaza barafu inarudi, na wote wametumia takwimu za kweli. Ndipo wachore miaka yote na mstari wa mwelekeo uliokokotolewa kwa nukta zote. Hapo mwaka 2012 unaonekana ulivyo: mwaka wa chini kuliko yote, na yeyote anayeanzia hapo lazima apande.

Waeleze pia kwamba eneo hilo linahesabu kila mraba wa bahari wenye angalau asilimia 15 ya barafu, na kwamba setilaiti hizo hupima mawimbi maikro, yanayopenya mawingu na yasiyohitaji jua. Picha za kawaida za setilaiti hazionyeshi kitu wakati wa usiku mrefu wa ncha. Mwanafunzi anayetafuta picha ya Ncha ya Kaskazini ya mwezi Desemba atapata giza tupu na kudhani tovuti imekufa.

Usisahau Antaktika, kwani haifuati mkondo uleule. Eneo la barafu yake ya bahari lilifika rekodi ya juu ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 20 mwaka 2014, kisha likaporomoka, na mwaka 2023 likaweka rekodi ya chini: chini ya milioni 1.8 Februari, na kilele cha majira ya baridi kisichofika milioni 17.

Jaribio la glavu ya mafuta, la kuonyesha nyangumi anavyojikinga na baridi, lafaa?

Lafaa likiwa na ulinganisho wa haki. Wengi hulinganisha mkono uliovaa mifuko miwili yenye mafuta katikati na mkono mtupu. Hapo hujui kilichozuia baridi ni mafuta au ni ile mifuko na hewa yake. Andaa glavu mbili za mifuko miwili miwili, moja yenye gramu 200 za mafuta ya kupikia yaliyoganda, nyingine bila kitu. Tena badala ya mkono weka kipimajoto, kwenye maji yenye vipande vya barafu, usome kila nusu dakika kwa dakika 5. Mikono ije mwishoni, kwa hiari, isizidi dakika moja, na asiyehusishwa ni mtoto mwenye tatizo la mzunguko wa damu. Ziba midomo ya mifuko kwa utepe. Mafuta yakivuja kwenye maji ya baridi, usafi wake utakula kipindi kinachofuata.

Kwa nini dubu hali pengwini? Nauliza kwa sababu kitabu cha watoto kina picha yao pamoja.

Kwa sababu hawajawahi kukutana. Dubu mweupe ni wa kaskazini, pengwini ni wa kusini. Picha hiyo itumie: waulize watoto imekosea nini, kisha uwape ramani mbili. Kaskazini ni bahari iliyozungukwa na mabara, kusini ni bara lililozungukwa na bahari. Tofauti hiyo moja inaeleza pia kwa nini Antaktika ni baridi zaidi: ni bara lililoinuka. Kituo cha Vostok, kilichoko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri tarehe 21 Julai 1983.

Wanafunzi wangu wanasema nchani ni baridi kwa kuwa ni mbali na jua. (Darasa la saba)

Waonyeshe tarehe. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, wakati Aktiki iko gizani. Mwezi Julai ni milioni 152. Kisha chukua tochi na mpira uliochomwa kijiti, uulaze kijiti nyuzi 23.5 kutoka wima, na uizunguke tochi. Sharti ni moja na ndilo linalovunjwa: kijiti kielekee ukuta uleule wa darasa mzunguko mzima. Watoto hukigeuza kila mara kiitazame tochi, na hapo majira yote yanapotea. Weka alama ya karatasi ukutani na umteue mmoja awe mwangalizi wa kijiti.

Swali la ziada kwa wakubwa: mnamo Desemba 21 Ncha ya Kusini hupokea nishati ya jua kwa siku nyingi kuliko ikweta, kwa kuwa jua halizami. Kwa nini basi bado ni baridi kali? Wakishafanya jaribio la makopo wana nusu ya jibu, na mwinuko una nusu nyingine.

Tungependa kuzungumza na mwanasayansi aliye Antaktika kwa video. Tuanzie wapi?

Anzeni na APECS, mtandao wa watafiti chipukizi wa maeneo ya ncha, au Polar Educators International, unaounganisha walimu na watafiti. Andikeni barua pepe fupi: umri wa wanafunzi, lugha, mada mliyokwisha kuisoma, tarehe tatu mnazopendekeza.

Kuna mambo ya saa na majira. Vituo vya utafiti vya Marekani vya McMurdo na Ncha ya Kusini hufuata saa za New Zealand. Watafiti wengi huwa huko kati ya Novemba na Februari. Ncha ya Kusini haifikiki kwa ndege ya kawaida kuanzia katikati ya Februari hadi karibu Novemba. Mawasiliano ni ya setilaiti na yanagawanywa, kwa hiyo msishangae mkiambiwa dakika 20 bila picha. Ukweli ni kwamba mazungumzo bora mara nyingi ni ya mtafiti aliyekwisha kurudi kazini kwake: mtandao umetulia, na ana picha na matokeo mkononi. Msifikiri mmepata cha pili kwa ubora.

Tumeni maswali 8 hadi 10 wiki moja kabla. Yaondoeni yale ambayo jibu liko kwenye kitabu. "Kuna baridi kiasi gani?" litakula dakika bure, "Kifaa chako kikiganda usiku unafanyaje?" litazaa kipindi kizima. Darasani tumieni maikrofoni moja, muulizaji aje mbele, na jaribuni sauti siku moja kabla katika chumba hichohicho. Muwe na mpango wa pili mkononi, maswali yaliyochapishwa ya kumtumia ajibu kwa maandishi, maana muunganisho utakatika.

Mwanangu amerudi nyumbani analia kwamba dunia itazama. Shule inafundisha nini hasa? (Mzazi)

Pengine aliambiwa mita 58 bila kuambiwa muda. Barafu ya Antaktika yote haiishi kwa miaka, wala kwa karne moja au mbili. Bahari ilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na sasa inapanda kwa kama milimita 4 kwa mwaka. Kwa watu wa pwani hilo ni tatizo la kweli, lakini si gharika ya wiki ijayo. Mwalimu anayetaja tarakimu ya ujazo ataje na ya wakati palepale.

Msimulie na habari ya tundu la ozoni, yaani kukonda kwa tabaka la gesi linalotukinga na miale hatari ya jua. Watafiti wa Uingereza Farman, Gardiner na Shanklin walilitangaza mwaka 1985 kwa vipimo vya kituo cha Halley, Antaktika. Mwaka 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini, gesi zilizolisababisha zikaanza kuondolewa, na tathmini ya Umoja wa Mataifa inatarajia ozoni ya Antaktika irejee kiwango cha 1980 karibu na mwaka 2066. Mtoto wa miaka tisa leo atakuwa mtu mzima atakayeweza kuvisoma vipimo hivyo mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa uraia, sina maabara. Kuna pa kuingilia?

Mkataba wa Antaktika. Ulisainiwa Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, ukaanza kutumika 1961. Nchi saba zinadai vipande vya bara hilo: Argentina, Australia, Chile, Ufaransa, New Zealand, Norwei na Uingereza, na madai ya Argentina, Chile na Uingereza yanapandiana. Mkataba haukuyakubali wala kuyafuta, uliyasimamisha yalivyo. Unakataza shughuli za kijeshi na kutaka matokeo ya sayansi yatolewe kwa wote. Itifaki ya Madrid ya 1991 ikaongeza marufuku ya uchimbaji wa madini.

Fanyeni kikao. Chagueni nchi 8 miongoni mwa zenye kura, ambazo leo ni 29, kila moja na wajumbe watatu, na hoja moja: watalii waruhusiwe kushuka wangapi kwa siku katika ufuo wenye viota vya pengwini? Wape ukurasa mmoja wa maelezo siku mbili kabla. Kanuni iwe ile ya mkutano halisi, yaani uamuzi hupita wajumbe wote wasipopinga. Hakuna kupiga kura ya wengi. Wanafunzi watachukia kanuni hii baada ya dakika kumi, kwa kuwa nchi moja inaweza kuzuia kila kitu. Hapo simamisha kikao kwa dakika 5 na uwaruhusu wajumbe waondoke vitini wakazungumze wawili wawili pembeni, kwa sababu hata kwenye mikutano ya kweli kazi kubwa hufanyika nje ya ukumbi. Kipindi kimoja hakitoshi; panga viwili vinavyofuatana, na katibu aandike kila sentensi iliyokataliwa pamoja na jina la nchi iliyoikataa.